Neno la wahandisi na matawi ya mama

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja, nimekaa na mama aliyefunga kitambaa cheusi. Binti yake wa darasa la tatu aligongwa na lori kwenye mteremko, wanapovukia watoto kwenda shule. Kijiji kilikuwa kimeomba matuta ya barabarani tangu kabla ya mvua. Majibu yamekuja baada ya mazishi, kwa Kiingereza cha wahandisi.

"Nisomee, mwanangu," akamwambia karani.

Karani akasoma mpaka kwenye neno avert, akakohoa. "Wanasema matuta yatawekwa ili ku-avert vifo. Yaani kuepusha, mama. Kuzuia jambo kabla halijatokea."

"Kabla?"

"Ndiyo, kabla."

"Hebu nisomee na tarehe."

 Karani akawa ananyoosha karatasi isiyo na mkunjo. Mama akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Asante. Watoto wa jirani zangu bado wanavuka pale."

Mimi niliishia la saba, lakini hilo neno sasa nalijua. Ni zuri, halina haraka.

Jioni nikiwa kwenye basi la kwenda Nyololo nikamwona yule mama pale mteremkoni, panga mkononi, anapanga matawi barabarani kama tufanyavyo gari likiharibika. Dereva wetu akapunguza mwendo, akatafuta gari bovu, hakuliona.

"Huyu mama vipi? Mbona hakuna kilichoharibika hapa?"

"Lakini umepunguza," nikamwambia.