Mchele Sinunui

Theodosia alisema neno moja tu la kujivunia katika ofisi ya ustawi wa jamii, na neno hilo lilimgharimu mtoto. Wapo mtaani wanaosema aliyataka mwenyewe. Asemaye hivyo hajawahi kukaa kwenye benchi lile, mume mliyetengana naye yuko upande huu, meza ya mafaili upande ule, na mtu usiyemjua anakuuliza mwanao anakula shilingi ngapi kwa mwezi.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Lipangalala hapo Ifakara, wa wazazi walioshuka kutoka Mahenge wakifuata ardhi ya mpunga. Mfupi, sauti kubwa kuliko kimo chake, na asubuhi alikuwa akiuza vitumbua ambavyo hata wasiompenda walivinunua. Siri ya vitumbua ilikuwa mchele. Alilima ekari moja na nusu kule bondeni, mbegu ya kaling'anaula aliyoachiwa na mama yake, na mchele wa kula nyumbani hakuupeleka mashineni hata siku moja. Aliutwanga kwenye kinu. Binti yake, Edna, alipofikisha miaka mitano alimfundisha kuupima: unachota kiganja kimoja, unaupulizia pumzi ya moto, kisha unaunusa. Mchele wa kwao ulinukia mpaka kwenye kucha.

Fulgensi, baba yake Edna, alihamia Mchombe kwa mwanamke mwingine, Ursula. Hakukuwa na ugomvi wa kuvunjiana vyombo. Mwanamume alianza kwa kulala huko msimu wa kulima, akaendelea msimu wa kuvuna, na mwaka wa pili akaja kuchukua redio. Ndoa ilikuwa ya kanisani, kwa hiyo hapakuwa na talaka, palikuwa na mtoto wa miaka tisa na swali la nani anatoa nini.

Mwezi wa saba, mavuno yakiwa ndani, wakaitwa kwa afisa ustawi. Jina lake Jeremia, kijana mpole mwenye miwani, aliyeandika kwa herufi kubwa ili kila mtu aone kinachoandikwa. Edna alikaa kati ya wazazi wake akichezea kamba ya sketi. Jeremia akaanza kuhesabu: sare, viatu, madaftari, sabuni, mafuta ya kupaka, michango ya shule, dawa. Kila kitu alikigawa kwa miezi kumi na miwili.

"Na chakula, mama Edna? Tuweke mchele kilo ngapi kwa mwezi?"

Theodosia akacheka. Nyumbani alikuwa na magunia sita yamesimama ukutani, na Fulgensi alikuwa amekaa pale na shati jipya lililopigwa pasi na mkono wa mwanamke mwingine.

"Mchele?" akasema. "Mchele sinunui mimi, bwana Jeremia. Mimi nalima."

Anayeishi bondeni atamwelewa. Huko mkulima akionekana dukani anapimiwa mchele, majirani huulizana kwake kuna nini: kaugua, kafiwa, au kawa mvivu? Theodosia alikuwa tayari ni mwanamke aliyeachwa. Hakutaka aandikwe serikalini kuwa ni mwanamke anayenunua mchele.

Jeremia hakuandika haraka. Aliuliza tena, "Una uhakika, mama? Hii ni ya mwaka mzima, na haki ya chakula ni ya mtoto, si yako."

"Andika hatununui."

Fulgensi alikuwa anaangalia sakafu. Angeweza kusema neno. Shamba alilolima Theodosia kule bondeni lilikuwa la ukoo wa kina Fulgensi, na kaka yake mkubwa, Polycarp, alikuwa ameshamwambia kwamba mwanamke ambaye hayupo tena nyumbani kwao hawezi kuendelea kulima ardhi yao. Alijua, na akakaa kimya. Hili Theodosia alikuja kulifahamu baadaye, na kati ya yote ndilo lililomkata maini.

Jumla ikaja elfu thelathini na sita kwa mwezi. Fulgensi, kwa kuwa alikuwa na pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono, ya kukodisha kwa wanaolima, akapangiwa elfu ishirini na nne. Zilizobaki za mama. Wakatia sahihi wote wawili. Na Fulgensi alilipa, tumpe haki yake. Kila tarehe tano hela iliingia kwenye simu, bila kupungua na bila salamu.

Mwezi wa kumi Polycarp akaja Lipangalala. Alikaribishwa, akapewa vitumbua, akala vinne. Kisha akasema alichotumwa na ukoo: shamba alirudishe. Theodosia alimsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, akarudi ndani akakaa juu ya gunia. Alilia hapo mpaka Edna aliporudi kutoka shule. "Moshi," alimwambia mtoto, na jikoni hata moto haukuwa umewashwa.

Kukodi shamba kulitaka hela mkononi, tena mapema. Magunia mawili yalikuwa yamekwenda kwenye deni la wavunaji, moja kwenye msiba wa shangazi yake. Yaliyobaki mengine waliyala, mengine yakawa vitumbua. Mwezi wa pili ulipoanza, alikung'uta gunia la mwisho juu ya ungo akapata bakuli mbili. Vitumbua vikafa siku hiyo hiyo, maana kwa mchele wa dukani alikuwa anapika hasara. Akaanza kwenda kupalilia mashamba ya watu kwa kibarua. Alitembea na jembe akipita kando ya ekari moja na nusu yake, imestawi vizuri, mpunga wa mtu mwingine.

Bado hakwenda dukani kwa mchele. Alinunua unga wa mahindi, jioni, kwenye duka la mbali na kwao. Edna alikula ugali asubuhi na usiku bila kuuliza, na Theodosia aliumia zaidi kwa kutoulizwa. Mwezi wa tatu mwalimu akamwita: mtoto alikuwa ameanguka mstarini. Hakuwa na malaria. Alikuwa na njaa.

Ndipo akarudi kwa Jeremia, Edna akiwa naye. Fulgensi akaitwa, akaja. Faili likafunguliwa, na Jeremia, uso umemwiva kwa haya kana kwamba kosa ni lake, akasoma kilichoandikwa: chakula, mama amesema hanunui. Sahihi yake hiyo hapo chini, ameiandika kwa kubonyeza sana.

"Tunaweza kuomba upya," Jeremia akasema. "Mkishindwa hapa nawapeleka mahakamani, na huko utapata, mama. Ila si leo wala si wiki ijayo."

"Mimi sikatai kumlisha mwanangu," Fulgensi akasema. "Kwangu mpunga upo. Aje akae Mchombe, ale."

"Na hela ya chakula ukitoa sasa hivi, kabla ya hiyo mahakama?" Theodosia aliuliza.

"Mama Edna, mwaka jana si ulitucheka hapa?"

Hakusema kwa ukali, na ubaya ulikuwa hapo. Theodosia akamtazama binti yake, shingo ilivyokuwa nyembamba ndani ya kola ya sare. Angeweza kukataa. Hakuna mtu katika chumba kile aliyemlazimisha. Alipiga moyo konde akasema, "Aende. Mpaka mavuno."

Jeremia akachukua fomu nyingine, maana mzazi asiyekaa na mtoto naye huandikiwa mchango wake. Elfu ishirini na nne za Fulgensi akazifuta. Kwa upande wa mama kalamu ikasimama.

"Asiandikiwe kitu," Fulgensi akasema. "Hana kitu huyu."

Yangeishia hapo. Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu kwa kuepushwa mzigo. Lakini Edna alikuwa amekaa pale, anasikia, na mama yake hakuweza kukubali mtoto aondoke na neno hilo masikioni.

"Andika mchele," Theodosia akasema. "Kilo kumi kila mwezi."

Jeremia akavua miwani. "Mama, utautoa wapi?"

"Andika, mwanangu."

Mwezi ule alipalilia siku kumi na nne, nyingine akiwa na homa. Jumamosi ya mwisho alijifunga kanga kichwani, akaingia duka la sokoni mchana kweupe, akapimiwa kilo kumi mbele ya watu. Mke wa jirani alimwona, akamsalimia kwa huruma, na Theodosia akaitikia. Nyumbani akaumwaga kwenye ungo. Ulikuwa mchele wa mashine, mweupe, umechambuliwa vizuri. Akachota pumba kidogo chini ya kinu na punje za mpunga zilizosalia pembeni, akachanganya. Punje nyingine akazitwanga tena taratibu ili zikatike kama za kwao. Kisha akautia kwenye gunia lao la zamani, lile lenye kiraka cha kitambaa cha bluu alichokishona Edna mwenyewe. Alitaka mtoto aone kwamba nyumbani kupo, mchele upo, na kitanda chake kinamsubiri. Hilo tu ndilo alilokuwa analitafuta.

Kesho yake, Jumapili, alifika Mchombe saa sita mchana. Edna alitoka mbio, akasimama hatua mbili mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa amenenepa. Mashavu yalikuwa yamerudi, na nywele alisukwa vizuri, mistari imenyooka. Theodosia alifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, hakujua kipi kimetangulia. Ursula alitoka jikoni akamkaribisha kwa heshima, akamletea kigoda na maji. Hakumpa hata sababu ya kumchukia.

Edna akalifungua gunia. Alichota kiganja kimoja, akaupulizia pumzi ya moto, akaunusa kama alivyofundishwa. Mama yake aliacha kunywa maji. Mtoto alikaa na mkono puani muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Kisha akaurudisha mchele ndani bila kumwaga punje, akamgeukia Ursula.

"Mama mdogo, huu wa kwetu," akasema. "Mama kautwanga mwenyewe."

"Unaonekana," Ursula akajibu. "Leo tutaupika huu."

Akaumimina kwenye ndoo, gunia akamrudishia Theodosia, na mchana huo wakaula. Fulgensi alikula sahani mbili. Jioni Edna alimsindikiza mama yake hadi barabarani, wameshikana mikono, na njia nzima alieleza habari za shule mpya, mwalimu wa hesabu, na kuku wa Ursula aliyeatamia mayai ya bata. Theodosia akamwambia kwamba mavuno yamekaribia, wavunaji hulipwa kwa mpunga, atajaza magunia, na yeye atarudi nyumbani. Edna aliitikia kila neno. Gari lilipoanza kuonekana mbali na vumbi lake, mtoto akamvuta kanga ili ainame.

"Mama," akasema sikioni, polepole, "usinunue tena. Mimi huku nashiba."

Gari likasimama. Theodosia akapanda, akakaa upande wa dirisha, gunia tupu lenye kiraka cha bluu limekunjwa mapajani. Edna alipunga mkono mara moja, kisha akageuka akarudi kwa baba yake.