Chumba na Sebule

Wanasema mimi mkali. Ndiyo, mkali! Naitwa Evaresta, nauza nyanya sokoni Kwa Mrombo, na mtu akisema mbele yangu kwamba wanawake wa vyumba vya kupanga wanapata Ukimwi kwa umalaya, siku hiyo simuuzii kitu.

Hebu msikieni Simaloi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alitoka kwao Oldonyosambu akiwa binti, akapata kibarua kwenye shamba la maua Usa River. Mshahara haukutosha kupanga. Akalala sakafuni kwa rafiki mpaka rafiki akaolewa. Ndipo akatokea mwanaume mwenye chumba. "Dada Eva," huniambia, "mimi sikuolewa na mtu, niliolewa na mlango wenye kufuli." Alijua kabisa bwana ana wengine. Sasa amwambie avae kondomu? Alijaribu, akajibiwa, "Kama hutaki, mlango ule pale." Mwenye njaa hana miiko, jamani!

Alipoanza kliniki ya ujauzito akapimwa, akakutwa na virusi. Bwana akabeba godoro akapotea. Dawa zikamlinda mtoto, Nice akazaliwa salama. Lakini amlee wapi? Chumba alichopata hapa kwetu kilivuja, na ukuta haukufika juu. Akishika kopo la dawa, nyumba nzima inasikia. Mama yake akamchukua mjukuu. "Ukipata chumba na sebule, njoo umchukue," alisema. Akamfundisha mtoto amwite Simaloi dada, ili watu wasiulize maswali. Neno yeyo, yaani mama kwa Kimaa, likabaki kwa bibi.

Simaloi alikubali, ila roho ilimuuma. Watoto wa wapangaji wakiita "Mama!" uani, yeye ndiye anayegeuka wa kwanza. Nilimtania mara moja, sikurudia. Alikuwa akisema, "Akija kwangu nitamwambia mwenyewe. Ataniita yeyo hata kama ni kwa kuninunia."

Mwaka huu akapata. Chumba na sebule, kuta mpaka juu, bomba uani! Akanunua kitanda kidogo na pazia la maua, akaniomba nimsindikize kwao.

Nice alitukuta jikoni kwa bibi. Binti mrefu, mzuri! Akainamisha kichwa, tukamgusa utosini kama ilivyo desturi yao. Bibi hakuvunja ahadi, alitikisa kichwa tu kuashiria: sema. Simaloi akaanza vizuri, akaeleza nyumba, shule iliyo karibu, kitanda. Kisha akamwambia, "Nice, mimi ndiye niliyekuzaa. Nimekuja kukuchukua, tukakae wote."

Mtoto hakushtuka. "Najua, yeyo aliniambia zamani," akasema, akasogea akamshika bibi kanga. Aliongea kwa adabu, mpaka nikatamani angepiga kelele.

"Asante. Shule zikifungwa nitakuja kukutembelea, dada."

Simaloi akamtengeneza mtoto kola ya gauni, taratibu, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Haya, mama," akamjibu. "Karibu sana, mama."