Matete Niliyoyafyeka Bwawani

Mwanangu, nimesikia unataka kufyeka matete ya kingo za bwawa lako kwa sababu unamshuku jirani. Weka panga chini kwanza, unisikilize.

Nakumbuka msimu mmoja wa kahawa, nikiwa nimeoa karibuni. Bondeni, chini ya shamba letu hapa Mbozi, nilirithi bwawa la perege alilolichimba baba. Upande wa juu aliacha matete mengi, na humo waliishi vyura, ndege na kereng'ende.

Nikaona perege wanapungua. Nikaokota magamba ukingoni. Shaka yangu ikamwangukia jirani yetu, Baba Tumaini, mtu wa makamo, maana kila asubuhi alisimama pale akitazama maji. Akinisalimia, najiuliza anataka nini. Akicheka, nadhani ananicheka mimi. Hata kanisani, yeye akifumba macho kuomba, mimi nafumbua yangu nimchunguze. Mungu anisamehe.

Nikayafyeka matete yote, mwizi asipate pa kujificha. Kisha tukavuna kahawa, tukaimenya kwa mashine ya mkono pale juu, tukaiosha, na maji yake tukayaachia mteremko kama miaka yote. Siku ya tatu perege walielea, matumbo juu.

Nilimvamia Baba Tumaini uani kwake, mkewe akisikia.

"Umechoka kuiba, sasa umetia sumu!"

"Sumu?" Akamgeukia mkewe. "Mama Tumaini, panya wa humu ndani wamenishinda, leo naambiwa nimeua bwawa zima! Haya kijana, twende tukaone."

Bwawani akachota maji kwa kiganja, akayanusa, kisha akaninyooshea mkono. "Nusa na wewe."

Yalinuka kahawa iliyochacha.

"Maji haya yanashuka kila mwaka," akasema. "Matete ndiyo yaliyokuwa yanayachuja. Nani kayafyeka?"

Akanionyesha nyayo kwenye tope. "Na mwizi wako ni huyu, fisi maji, yule mnyama wa mtoni. Anakula wawili watatu, anakwenda zake. Mimi huja kumtazama tu, ananifurahisha."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Niliogopa mwizi wa samaki wawili, nikawaua wote kwa mkono wangu. Nilipiga magoti palepale. Baba Tumaini akaninyanyua, na mvua zilipoanza akaniletea mashina ya matete kutoka bondeni kwake, tukapanda pamoja.

Basi, mwanangu, usiguse matete yale. Maji ya kahawa yachimbie shimo mbali na bwawa. Acha upande mmoja uwe na kina kifupi, vyura watage. Fisi maji naye mwachie fungu lake, aliyemuumba ndiye aliyekuumba wewe. Na kitu kikipungua, chunguza mikono yako kabla ya kuchunguza uso wa jirani.

Mungu alinde maji yako na wote wanaoyanywa, na akupe jirani atakayekuinua siku utakapomkosea.