Masaa Matatu ya Kutokuwepo

Sharti lilikuwa moja, na nilipolisikia mara ya kwanza nililiona la watu wasiojua shida. Kila Jumatano nitoke nyumbani kwa masaa matatu, nimwache mamangu peke yake, na katika masaa hayo yeye apike chakula cha mchana.

Tulikuwa tunakaa Utange, mimi na yeye tu, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga babangu kabla hajafariki. Mamangu alikuwa mgonjwa wa akili kwa miaka mingi. Sindano yake ilikuwa ya kila mwezi, lakini sisi tulikuwa tunaipata mwezi huu, mwezi unaofuata tunaikosa, na kila tulipoikosa alianza upya kusikia watu wasiokuwepo. Ndipo tukaingia kwenye kikundi. Kilikutana katika chumba kilichokuwa chekechea zamani, ukutani bado kumechorwa ndizi na magari. Kikundi kililipa sehemu kubwa ya matibabu, mwenye mgonjwa akaongezea alichonacho, na asiyekuwa na kitu mwezi huo alikuja kupalilia matuta ya mchicha nyuma ya chumba. Daktari alifika mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zilikuwa za mazungumzo, kushona, kulima na kutembeleana majumbani. Walikuwa wanasema sindano inamtuliza mgonjwa lakini haimrudishii kazi zake.

Kazi zake nilikuwa nazo mimi.

Nilizichukua mchana mmoja niliporudi kutoka bombani na ndoo ya maji. Nilimkuta amelimwagia godoro mafuta ya taa, kibiriti mkononi. Hakuwa na ghasia yoyote. Aliniambia kwa upole, "Sogea kando, mwanangu. Hawa wadudu wamejifunza kusema." Nilimnyang'anya kibiriti. Tangu siku hiyo kisu nilikiweka kwa jirani, mbuzi ya kukunia nazi niliisukuma chini ya kitanda changu, na kibiriti nilikifunga pindoni mwa leso yangu. Nilikuwa nafua nguo za watu, lakini zile wanazoniletea nyumbani tu. Za kufuata kwa wenyewe niliziacha, kwa sababu kwenda ni kumwacha. Miaka miwili ikapita hivyo. Nilipofuata maji nilikwenda mbio na kurudi mbio, na watu wa bombani wakaamini nina maringo kwa kuwa sisimami kuongea.

Mhudumu wa kikundi aliyetutembelea alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kisauni, mvaa buibui, asiyeharakisha neno. Siku ya kikao cha wenye wagonjwa aliniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, mara ya mwisho kutoka kwenda mahali kwa ajili yako mwenyewe ilikuwa lini?"

Mimi kuongea mbele ya watu kunanishinda. Niliangalia ndizi ya ukutani. Mzee mmoja aliyekuwa anamlea nduguye akasema, "Mwache, bibie, bado anahesabu," watu wakacheka. Kisha akaongeza, "Mimi mkinipa masaa matatu nitajilaza hapa hapa. Mkiona siamki, nizikeni."

Mhudumu hakucheka. Alieleza lile sharti la Jumatano, na mimi nikajikuta nimesema, "Na akichoma nyumba?"

"Sindano zimeshika miezi mitano sasa. Kuna kitu amechoma?"

"Hana cha kuchomea. Nimeficha."

"Basi hujui," alisema. "Wala yeye hajui. Sikufichi, wallahi. Wanaongoja nafasi ni wengi. Nyumba isiyofanya sehemu yake, nafasi huenda kwa mwingine. Mnazo Jumatano tatu. Ya tatu nitakuja mwenyewe nimkute amepika."

Nilirudi nyumbani nikihesabu. Nafasi ikienda, tunarudi kwenye sindano ya mwezi huu na kukosa mwezi ujao, na hao wadudu wanaosema wanarudi pia. Kwa hiyo niliamua kumpa mamangu jiko. Lakini sikuamua kumwacha.

Jumatano ya kwanza nilimwashia kuni kwenye mafiga nyuma ya nyumba, nikamwekea unga na maji, nikaaga, kisha nikazunguka na kujibanza nyuma ya choo cha jirani. Jirani yetu alikuwa mwanamke wa bara, mfanyakazi wa kiwandani, mwenye sauti ya kuita gari lisimame. Alinikuta nimechuchumaa.

"We msichana, nyuma ya choo changu unafanya nini?"

"Namwangalia mamangu."

"Na mimi nikitaka kuingia hapa ndani? Nikupigie hodi wewe kwanza?"

Nilimwomba ashushe sauti. Alisimama akaangalia nilikokuwa naangalia. "Si anapika tu," alisema. "Hata mimi hupika hivyo." Akaingia chooni, mimi nikaziba masikio kwa adabu.

Mikono ya mamangu ilikuwa inatetemeka kwa sababu ya dawa. Alikoroga polepole sana. Moshi ulipozidi na sima ikaanza kunuka kuungua, miguu yangu haikungoja. Nilitoka mafichoni nikamchukulia mwiko. Aliuachia upesi, kama mtu aliyekutwa ameshika kitu cha watu. Akakaa kwenye kigoda akaangalia mikono yake. Sima niliimaliza mimi.

Alasiri mhudumu alipita. "Umepika nini leo, dadangu?" alimuuliza.

Mamangu alinitazama kwanza, kisha akajibu, "Huyu ndiye aliyepika."

Mhudumu alinigeukia. "Jumatano ijayo nenda mahali ambapo huoni mabati ya nyumba yenu."

Kusema ni rahisi. Nilikuwa sina mahali. Niliomaliza nao darasa la nane wengine wameolewa, wengine wako Mtwapa kwenye kazi, na hata wangekuwepo sijui ningewaambia nini. Kanisa siku ya Jumatano hufungwa. Sokoni ukisimama bila kununua wanakuuliza unatafuta nini. Stendini vijana wa bodaboda wanakuita, na ukinyamaza ndiyo wanazidi. Nilitembea nikifikiria mahali ambapo mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kuulizwa, nikajikuta mbele ya zahanati.

Nikakaa kwenye benchi la foleni. Kila nilipokaribia mlango wa daktari niliondoka mbele nikarudi mwisho.

"Dada, ni zamu yako," mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniambia.

"Tangulia tu."

Bibi mmoja naye nikampisha, na mwingine. Yule bibi alinishika mkono. "Mjukuu wangu, una adabu wewe. Mungu akupe mume mpole." Niliitikia amina. Niliona aibu kubarikiwa kwa uongo, lakini benchi lilikuwa na kivuli na hakuna aliyenihitaji. Nilistahimili masaa matatu kamili, roho juu.

Nilipofika nyumbani mafiga yalikuwa baridi. Mamangu alikuwa kwenye kigoda, unga kwenye sufuria, maji kando, kuni amezipanga vizuri kuliko ninavyozipanga mimi.

"Mbona hujapika, mama?"

"Kibiriti umeenda nacho," alisema.

Nilishika pindo la leso. Kweli nilikuwa nacho. Nilikuwa nimekaa nacho masaa matatu zahanati.

"Si ungeomba moto kwa jirani?"

"Nikaombe moto mimi?" Alisema bila hasira, kama anayemweleza mtoto. "Anionaje mimi nikimwomba moto?"

Mtaa mzima ulijua habari ya godoro, kwa kuwa siku ile nililitoa nje kulianika na nikaeleza kila aliyeuliza. Mimi ndiye niliyeeleza.

Ikabaki Jumatano moja.

Asubuhi yake nilikifungua kibiriti kutoka kwenye leso nikakiweka juu ya meza. Nilikwenda kuchukua kisu kwa jirani. Nikaitoa mbuzi chini ya kitanda, nikaifuta vumbi, na nilipoyaona yale meno yake nusura niirudishe. Mamangu alivitazama vile vitu vitatu mezani. Alichukua mbuzi kwanza, akaikunjua, akaijaribu meno kwa kidole gumba.

"Imeota kutu," alisema. "Hukuwa unakuna nazi?"

"Nilikuwa sina muda."

Aliguna. Niliondoka kabla sijageuza mawazo, na sikuangalia nyuma kwa sababu nilijua nikiangalia nitarudi. Sikumbuki hata kama niliaga.

Zahanati siku hiyo ilikuwa na watu wengi. Nilikaa pale pale, nikawapisha wawili, watatu. Ukuta nyuma ya benchi ulikuwa baridi, nikaegemeza kichwa. Niliwaza moto. Niliwaza vidole vyake na yale meno. Kisha sikuwaza tena.

Niliamshwa kwa kutikiswa bega. Benchi lote lilikuwa tupu na nesi alikuwa amesimama mbele yangu na funguo mkononi.

"Dada, tunafunga. Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukaa," nilisema.

Alinitazama sana. "Umekoroma tangu saa sita. Tulidhani umezidiwa, tukakupima joto, ukatusukuma." Nilimuuliza saa. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilitakiwa nyumbani saa saba.

Nilikimbia. Njia nzima macho yangu yalikuwa juu, natafuta moshi. Moshi wa mapishi sikuuona wala moshi wa kuungua, na kutouona hakukunipa amani, kwa sababu nyumba iliyokwisha kuungua nayo haitoi moshi. Nilipokunja kona niliona mabati yetu yako mahali pake. Mhudumu alikuwa amekaa kizingitini, mkoba mapajani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

"Yuko wapi?" nilimuuliza. Hata shikamoo sikutoa.

"Nami nimekuta hivi," alisema. "Nilidhani mmetoka pamoja."

Nilianza kumlaumu pale pale, mimi nisiyeweza kuongea mbele ya watu. Nilimwambia ni wao walionitoa nyumbani, ni wao waliotaka apewe kisu, sasa ametoka na tutamwokota barabara ya Malindi. Mhudumu alinisikiliza bila kunikatiza. Jirani alitoka kwake na mswaki mdomoni, anajiandaa kwenda kazini zamu ya usiku.

"Unampigia nani kelele? Mamako amekwenda kukutafuta. Tangu saa nane huyo. Amekuja hapa kwangu ananiuliza, 'Msichana wangu hujamwona?' Nikamwambia labda ameenda nyuma ya choo, si ndio kwake siku hizi."

Ndipo nikamwona anakuja. Alikuwa amejitanda leso, amevaa viatu vya kanisani, vumbi mpaka magotini. Aliniona kutoka mbali, na hakungoja kufika.

"Wewe! Ulikuwa wapi wewe?"

"Mama..."

"Nimekwenda kanisani, kumefungwa. Nimekwenda stendi nikawauliza wale vijana wa pikipiki, wananiambia hawajakuona. Bombani nimekwenda. Mtu mzima unatoka nyumbani huagi, unarudi jua linazama, sisi huku tufikirie nini?"

Jua lilikuwa juu bado, lakini sikumsahihisha. Watu walichungulia milangoni. "Nilikuwa zahanati," nilisema.

Sauti ilimshuka. "Unaumwa?" Alinikaribia akaniweka kiganja shingoni, kisha kwenye paji la uso. Kiganja kilinuka nazi na moshi.

"Siumwi. Nilisinzia."

"Masaa yote hayo? Kwani kwetu hakuna kitanda?"

Jirani alicheka mpaka akameza dawa ya meno. Mamangu akamwona mhudumu pale kizingitini, akaona haya, akamsalimu na kumwomba radhi kwa kelele. Akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akatukaribisha kama mwenye nyumba.

Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa. Wali na mchicha wa nazi, vyote vimepoa. Chumvi ilizidi. Kwenye mchicha kulikuwa na vipande vya kifuu, mkono ulimtetemeka akakuna nazi mpaka kwenye gamba lake. Kidole kimoja alikuwa amekifunga kitambaa, na alipoona nakitazama alikiweka chini ya meza.

"Dadangu, nani aliyepika leo?" mhudumu aliuliza.

"Nani mwingine alikuwepo?" mamangu alijibu, bado ana hasira na mimi.

Mhudumu alikula sahani nzima, na chumvi yake. Alipomaliza alituambia nafasi yetu ipo, sindano ya mwezi ujao ni kama kawaida, na Jumatano zinaendelea. Mlangoni nilimwomba msamaha kwa maneno niliyomtupia. "Uliyasema vizuri," alisema. "Kikaoni huwa husemi."

Nilitaka kufurahi. Nilitafuta furaha ndani yangu kama mtu anayepapasa kitu mfukoni, nikakuta uchovu tu, mwingi kuliko wa asubuhi. Nilianza kukusanya vyombo. Mamangu alinichukulia sahani mikononi. "Nenda kalale mahali panapolaliwa," alisema.

Nilijilaza, lakini sikulala. Nilisikiliza. Sufuria ikigonga nyingine niliinua kichwa. Alipokaa kimya niliinua kichwa. Kisu kilianguka chini nikaweka mguu mmoja sakafuni, nikangoja, kikaokotwa. Baadaye nikasikia sauti ya jirani imepanda, analalamika kuwa maji ya kusuuzia yametiririka mpaka upande wake na yeye amevaa viatu vya kazi. Mamangu akamjibu kuwa maji hayana macho, na kama mtu anachelewa kazini aende kazini. Jirani akamjibu. Mamangu naye akarudisha. Walikuwa hawajawahi kugombana, kwa miaka miwili jirani alikuwa anasema nami tu. Niliurudisha mguu kitandani, nikageukia ukutani, nikawaacha.