Mchuzi wa Mtindi Niliopika Mlango Umefungwa

Nakumbuka Jumanne moja kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Ya harusi yamebaki kwenye picha, lakini ya Jumanne ile yamebaki mikononi mwangu. Nitakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana ulinipigia simu kutoka Kawe ukilia kwamba mama mkwe wako anafunua sufuria zako. "Mama, huyu bibi ananiona mie mchawi," ukasema. Nikanyamaza, ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa namkumbuka wa kwangu.

Unanijua nilivyo. Nikikaribishwa chai nainusa kwanza, na nikisifiwa najiuliza huyu anataka nini. Sikuanza uzeeni. Nilipoolewa na baba yako Idi nikaja Kipawa kukaa kwa mama yake, nilikuwa binti wa bara mwenye sanduku moja, na nilimshuku kila aliyenichekea.

Baba yako alikuwa fundi makochi Keko. Alirudi jioni nywele zimejaa vumbi la mbao, anaoga, anakaa mkekani, anakula matonge mawili na kusukuma sahani. "Nimeshiba," anasema. Ameshiba wapi? Mimi nikawa na jibu langu: kuna mwanamke huko Keko anampikia. Mama yake naye alikuwa na lake: mke hajui kupika. Kumuuliza mwenyewe, hakuna aliyemuuliza.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Mama Latha, Mhindi wa kusini kabisa mwa India, mke wa mwalimu wa sekondari. Alikuja kuazima mbuzi ya nazi, na siku ya kuirudisha akaniletea bakuli la mchuzi wa njano. Nikamwambia aonje yeye kwanza. Alicheka, akaonja. Nilipoonja na mimi, ule uchachu wa mtindi na utamu wa nazi ulinifanya nikae chini. Nilijua papo hapo kwamba mtu aliyechoshwa na jua angekila chakula kile.

Akanifundisha. Ni chakula cha siku ya kazi, hakina mambo mengi. Unasaga nusu nazi na pilipili mbichi, tangawizi na bizari nyembamba. Unachemsha vipande vya mung'unye na manjano mpaka vilainike, unatia nazi yako, kisha unamimina mtindi uliochacha, uliopigwa usiwe na mabonge. Hapo moto uwe mdogo na usibanduke jikoni. Ukiona povu linaanza pembeni, epua, maana ukichemka unakatika. Mwisho unakaanga punje za haradali kwenye mafuta mpaka ziruke, uwatu kidogo, pilipili kavu, na majani ya mti ambao Mama Latha alikuwa ameupanda mlangoni kwake kwenye ndoo ya rangi. Unamwagia juu, basi.

Sasa sikiliza kosa langu. Pale kwetu wanawake tulipika uani, majiko ya mkaa yamepangana, kila mtu anaona cha mwenzake. Mimi nilibeba jiko langu nikaingia nalo stoo, nikafunga mlango. Nusura moshi uniue humo ndani. Nilikuwa nashuku kwamba mama mkwe akiuona mchuzi ule ataupika yeye, na sifa zitakuwa zake. Haradali, pilipili kavu na majani nikavifunga kwenye kitambaa, nikakificha sandukuni chini ya khanga.

Idi alikula sahani mbili. Kesho yake akawahi kurudi. Wiki iliyofuata mama yake akamwambia Jumapili wataenda Kisarawe kuwaona ndugu, naye akajibu, "Ngoja kwanza nimuulize mwenzangu." Mama mkwe aliacha kuchambua mchele, akanitazama. Mwanangu, jicho lile! Toka siku hiyo nikienda bafuni ananifuata kwa macho, nikirudi kutoka dukani anachungulia kikapu. Nami nikazidi kubana mlango.

Ndipo ikafika Jumanne yenyewe. Nilitoka stoo na sufuria yangu, nikamkuta amesimama chumbani kwangu, sanduku wazi, kitambaa mkononi. Punje nyeusi, majani makavu, pilipili nyekundu, vyote vimefungwa fundo.

"Limbwata," alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwanangu ameshikwa akili, kumbe unamlisha dawa."

Nililia, nikaapa, nikamtaja Mama Latha. Lakini Mama Latha alikuwa amesafiri na mumewe, na mtu aliyesafiri hawezi kukutetea. Idi akaingia, nikampakulia kama kawaida, mkono wake ukiwa tayari unaelekea kwenye sahani. Mama yake akamwonyesha kitambaa na kumwambia aliyoyaona. Mkono ukasimama. Akanitazama, akautazama mchuzi, akauvuta mkono polepole na kuufuta kwenye suruali, ingawa haukuwa umegusa kitu. Niliumia, mwanangu, kuliko kama angenipiga. Nikajua ndoa yangu imeishia pale mkekani.

Mama mkwe akamwita dada yake mkubwa, Bi Zena, aliyekaa nyumba ya jirani, ashuhudie kabla sijarudishwa kwetu. Bi Zena alikinusa kile kitambaa. Habari za dawa hakuziuliza kabisa.

"Ulikuwa unapikia wapi?"

"Stoo, bibi."

"Mlango?"

"Nilikuwa naufunga."

"Wa nini?"

Nikatoa jibu la kweli: niliogopa mama atajifunza, anichukulie sifa.

"Basi haya umeyataka mwenyewe," akasema Bi Zena. "Unamfungia mtu mlango ndani ya nyumba yake, ulitaka afikirie nini? Unasoma dua humo? Na wewe, mdogo wangu Mwanahawa, ungegonga tu ukauliza. Umekwenda kupekua sanduku la mtoto wa watu. Toeni jiko uani. Apike, sote tunaona."

Nikapika wote wamenizunguka. Kwa haraka mkaa nikaupepea mno, mchuzi ukachemka. Ukakatika hapo hapo, maji upande wake, mabonge upande wake.

"Mnaona!" Mama mkwe akaruka. "Mnaona wenyewe inavyojitenga!"

"Mtindi umekatika," akasema Bi Zena, hajajisogeza hata kidogo. "Hata mie unanikatikia. Mwaga, binti, uanze upya. Punguza mkaa."

Mtindi uliobaki ulitosha bakuli moja. Safari hii sikuondoa macho kwenye sufuria. Ukatoka laini, wa njano, haradali zikaruka mpaka kwenye khanga ya Bi Zena. Nikaonja mimi mpishi kwanza, kutoa shaka, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyesogea. Idi aliinamisha kichwa.

Ndipo mama mkwe akalivuta bakuli. "Kama ni dawa," akasema, "ianze na mimi." Akafumba macho, midomo ikimchezacheza kwa dua, akanywa kijiko kizima.

Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba mwanamke yule ananichukia. Kumbe alikuwa anaogopa. Aliamini ni dawa mbaya, na bado akaitia kinywani ili mwanawe asiile. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Akameza. Tukasubiri. Akafumbua jicho moja.

"Chumvi hakuna," akasema, akachota kijiko cha pili. Na cha tatu.

"Mama, nibakizieni," akasema Idi. Na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tulipomuuliza kwa nini alikuwa hali. Ilikuwa gundi ya makochi. Akiinusa kutwa nzima chakula kizito kinamkinaisha. "Mbona hukusema?" mama yake akang'aka. "Hamkuniuliza," akasema, akifuta bakuli kwa kidole.

Tangu siku hiyo nilipika uani, na kila jioni mama mkwe alikuja, akafunua sufuria, akaonja na kusema chumvi hakuna, hata ikiwepo. Alifanya hivyo mpaka alipofariki. Siku hizi jiko langu liko wazi tangu asubuhi na hakuna anayefunua kitu. Juzi nilipika mchuzi ule, nikajikuta nimeuacha bila chumvi, nimekaa nasubiri.

Kwa hiyo mwanangu, acha mlango wazi. Ukitaka kushuku, shuku, hiyo umeirithi kwangu, lakini uliza kabla hujaamua. Na yule bibi akija kufunua sufuria, usimpokonye mfuniko, mpe kijiko. Mungu akujalie nyumba yenye vinywa vingi na moto usiokuishia, akupe subira, na akuwekee huyo mama mkwe hai miaka mingi jikoni kwako. Leo jioni pika, chumvi iache kidogo, umwachie aseme yeye.