Herufi za Sketi ya Bibi

Mhariri, ninayoandika hapa sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu ninayelala naye kitanda kimoja. Naomba mnifichie jina. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma darasa la saba katika kijiji kimoja cha ujamaa wilayani Hanang. Sina maneno mengi. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo lakini sauti haitoki.

Naishi na Bibi, mama yake baba, tangu tulipohamishiwa kwenye nyumba hizi zilizopangwa mstari. Bibi ni Mbarabaig wa zamani, wa kabila la wafugaji. Kiswahili chake ni cha kusalimia na kununua chumvi tu, na mpaka leo anavaa sketi ya ngozi aliyovaa tangu alipoolewa, yenye shanga pindoni.

Mwaka huu mwalimu wetu wa kazi za mikono, aliyeletwa kutoka Songea, alituambia, "Kijiji kitahitaji vibao vingi. Sitaki herufi za kwenye mfuko wa mbolea. Nataka herufi zenye sura ya hapa kwetu. Tembeeni, tazameni, mchore."

Wenzangu walileta zao baada ya siku mbili, wamenakili za mlango wa lori. Mimi nilitafuta kwa mwezi mzima. Nilichora pembe za ng'ombe, nyufa za tope lililokauka, bangili za shaba, mishono ya kibuyu kilichopasuka. Wasichana walinicheka: "Eti leo umeokota herufi gani zizini?" Tatizo ni kwamba kila nilipopata A nzuri, K ilitoka kama imeugua. Herufi hazikufanana kama ndugu.

Siku moja nilimkuta Bibi nje akishona shanga zilizolegea za sketi yake. Nikaona mistari ya shanga inapanda na kushuka, inakutana, inaachana, na yote ni ya mkono mmoja. Nikamwomba niichore. Kwetu sketi ya mwanamke aliyeolewa haichezewi. Bibi aliweka sindano chini, akaitandaza mapajani. "Tazama," akasema, "lakini usiivute."

Nilichukua daftari la hesabu, lile la miraba, nikahesabu shanga moja kwa mraba mmoja. Kila siku baada ya shule nilikaa miguuni pake.

"Hii nini?" Bibi aliniuliza kwa lugha yetu.

"Ni M, Bibi."

"Hiyo ni njia ya ng'ombe wakipanda mlima. Nyinyi mnaiitaje?"

"M."

"Jina fupi sana," akasema, akacheka.

S ilinishinda kabisa, kwa sababu shanga za Bibi hazina mstari uliopinda. Yeye ndiye aliyenionyesha kona ambapo uzi unageuka na kurudi. Ile S ni yake.

Mwalimu alipoziona alisimama. Aliita walimu wengine waje watazame. "Binti, umezitoa wapi?" Niliona haya, nikasema nimezibuni. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Wiki iliyofuata alinipa rangi, brashi na karatasi yenye maneno ya kibao cha duka la kijiji, yaliyoletwa na uongozi: MVAA NGOZI HAUZIWI KITU HAPA. VAA NGUO SAFI. Niliyasoma mara tatu. Mwalimu akaniambia, "Hii ni kazi ya taifa. Wakubwa wakija wataona herufi zako. Na mimi ndiye nitakayeandika barua ya tabia yako kwa ajili ya sekondari." Hakusema kwa ukali. Alisema kwa furaha kabisa. Sauti yangu haikutoka, kama kawaida. Nikaandika.

Rangi ilipokauka, Bibi alikuja dukani kuchukua chumvi. Mimi nilikuwa naosha brashi pale mlangoni. Alisimama mbele ya kibao, akapeleka kidole taratibu kwenye S, akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso wenye fahari kama ule.

"Umenishona hapa," akasema. "Panasema nini?"

Mhariri, nilisema, "Panasema karibuni, Bibi."

Akaingia kichwa juu. Ndani mlikuwa na watu wengi. Mwuzaji akamwambia kwa sauti, "Bibi, shikamoo, lakini kwa ngozi hiyo sikupi hata kiberiti. Mjukuu wako si msomi? Hakukusomea kibao?" Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akamtafsiria Bibi maneno ya kibao kwa lugha yetu, neno kwa neno. Bibi alitoka, akanipita mlangoni kama anavyopita mti.

Tangu siku hiyo havai sketi yake. Amejifunga kipande cha kitambaa cha baba, na haendi kokote. Chakula nikimpelekea anakula, ila hanisemeshi.

Sasa mwalimu ameniambia kwamba vijiji vitatu vya jirani vimependa herufi hizo, na vinataka kibao kilekile. Nitaandika mimi, Jumatatu. Nikikataa, nitaonekana napinga maendeleo, na barua ya sekondari ndiyo imekwisha. Nikisema ukweli, kwamba herufi zimetoka kwenye sketi ya ngozi, Bibi ataitwa mbele ya mkutano wa kijiji. Nikikubali, nitamwandika Bibi mlangoni mara tatu zaidi, ili afukuzwe na bibi wengine pamoja naye. Wasomaji wakubwa kwangu, nishaurini. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Hayo ya juu niliyaandika Jumamosi. Nilijua barua itachukua siku nyingi kufika, na Jumatatu haitangoja. Kwa hiyo jana, Jumapili, nilimpa Bibi shikamoo, akaitikia kwa shida. Nikamwekea daftari miguuni, nikamwambia nilimdanganya kwa sababu niliona haya. Aligeuza kurasa zake zote, kisha akalirudisha mikononi mwangu. Leo asubuhi nimekwenda ofisini kwa mwalimu. Nimemwambia herufi si zangu, ni za mwanamke anayevaa ngozi, na sitaziandika tena. Ameniambia nisubiri nje. Naandika haya ya mwisho nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje, na mlango bado umefungwa.