Hojaji ya Kumi na Tisa

Kwa miaka kumi na mmoja Aurica Dobre alizunguka mji wa Brăila na mkoba wa hojaji, akiwauliza watu kuhusu sabuni, maziwa na simu, na hakuwahi kubuni jibu hata moja. Mwezi Machi alipewa kazi ya kampuni iliyotaka kujua kama hospitali zingenunua miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo muuguzi huivaa akajifunza kazi kwa mgonjwa wa picha. Alitakiwa kuwahoji wauguzi ishirini. Wa kumi na tisa, Smaranda wa wodi ya mifupa, alimwambia asubiri. Aurica akasubiri saa mbili koridoni, miguu ikawaka moto, akaondoka. Nyumbani akaijaza mwenyewe hojaji ya Smaranda: muuguzi anaipenda sana miwani, alama kumi kwa kumi.

Alhamisi msimamizi wake, Sorin, akapiga simu. "Mama Aurica, nimempigia Smaranda kuhakiki. Anasema mliongea vizuri. Maneno yake nimeyaweka mwanzo kabisa wa ripoti. Kesho inakwenda kwa mteja."

Mtu asiyemjua alikuwa amedanganya kwa ajili yake.

Akaenda wodini na keki ya kokwa za jozi. Smaranda alikuwa akikunja mashuka.

"Aa, mama wa maswali! Siku ile nilikuona umevua kiatu, unasugua kisigino. Nikasema, huyu asifukuzwe kazi kwa sababu yangu." Akacheka. "Haya, nilisema nini?"

"Kumi kwa kumi."

"Mimi? Loo, umenipamba! Nimeivaa hiyo miwani. Mgonjwa wa mle hana uzito. Mgongo wangu uliharibika mwaka wa kwanza, kwa kumgeuza mzee wa kilo mia. Wasichana watafundishwa kugeuza hewa, halafu waje waumie hapa."

Aurica akashindwa kumtazama. Akatoa kalamu, akauliza maswali yote ishirini na manne, akaandika neno kwa neno. Smaranda akatoa alama mbili. Kisha, palepale wodini, Aurica akampigia Sorin.

"Hojaji ya kumi na tisa niliibuni. Huyu dada alinisitiri tu. Ya kweli ninayo mkononi."

Sorin akauliza, "Unajua maana yake, mama?"

"Najua. Kesho nitaileta pamoja na kitambulisho changu cha kazi. Ila usiitume ile ripoti."

Smaranda alikuwa ameacha kukunja. Akamsukumia kiti kwa mguu.

"Kaa basi," akasema.

Aurica akabaki amesimama, mfuko wa keki ukining'inia mkononi, bado umefungwa.